Kuonja bia bila kuona lebo: namna ya kuijua bia unayoipenda kweli

Ubishi wa Kilimanjaro na Safari, au wa Tusker na White Cap, hauishi kwa sababu kila mmoja anaitetea chupa ambayo mwenzake hakuinywa. Huyu kainywa ikiwa baridi kiasi cha kuuma meno, yule kainywa ya moto. Ya huyu ina wiki tatu tangu itoke kiwandani, ya yule imekaa miezi mitano kwenye stoo ya bati. Hapo wanabishania joto, umri wa chupa na lebo, na bia yenyewe bado haijaguswa. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuviondoa vitu hivyo vitatu kwa vifaa vya nyumbani, ili kinachobaki kwenye glasi kiwe bia tu.

Unahitaji watu wanne au watano wa kuonja, mtu mmoja wa kumimina ambaye haonji, aina tano za bia, na muda wa saa moja na nusu hivi.

Kuchagua bia tano

Usikusanye kila kilichopo kaunta. Chukua laga tano zenye rangi zinazokaribiana lakini zinazotofautiana kwa jambo unalotaka kulijua. Kwa mtu wa Dar es Salaam, Arusha au Mwanza, seti inayofundisha vizuri ni hii: Castle Lite yenye kilevi cha asilimia 4, Kilimanjaro ya 4.5, Serengeti ya 4.8, Safari ya 5.5, na moja ya chupa ya kijani kama Heineken au Windhoek. Seti hiyo inakupa wepesi na uzito, kilevi kidogo na kingi, na pia bia za kimea tupu (shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa) dhidi ya bia zilizoongezewa nafaka nyingine. Nyongeza ya mahindi au sukari hufanya bia iwe nyepesi na kavu zaidi mdomoni, kwa hiyo ukiweka Serengeti, ambayo ni ya kimea tupu, karibu na laga zenye nyongeza utaisikia tofauti hiyo hata kama hujawahi kuitafuta.

Nairobi weka Tusker, White Cap, Tusker Malt, Pilsner na moja ya nje. Kampala zipo Bell, Nile Special ya asilimia 5.6, Club, na Eagle ambayo inapikwa kwa mtama. Kigali anza na Primus na Mützig. Asilimia ya kilevi isome kwenye lebo ya chupa uliyonunua wewe, usiamini kumbukumbu, maana jina moja huweza kuwa na nguvu tofauti kila nchi. Guinness Foreign Extra Stout inayouzwa Kenya ni ya 6.5, ya Nigeria ni 7.5.

Bia nyeusi ziwekee siku yake. Guinness, Castle Milk Stout, au Tembo ya Lubumbashi ukizitia katikati ya laga, rangi inazitaja kabla hujaonja, na uchungu wa nafaka iliyochomwa unabaki ulimini na kuharibu glasi mbili zinazofuata.

Sasa jambo ambalo wengi hulisahau. Bia ni tano, lakini glasi ziwe sita. Moja kati ya zile tano imiminwe mara mbili kwa namba mbili tofauti, na anayejua ni ipi awe mmiminaji peke yake. Bila rudio hilo huna njia ya kujua kama alama ulizotoa zina maana au ulikuwa unabahatisha. Tutalirudia kwenye hesabu.

Kununua chupa zinazolingana

Nunua kwenye depo au grosari ambayo kreti zinatoka na kuingia kila wiki. Duka lenye chupa zilizopangwa dirishani kwa urembo liache. Ndani ya kreti chukua chupa za katikati, ambazo mwanga na vumbi havijazifikia. Angalia tarehe kwenye lebo, shingoni au kwenye kizibo. Kama imeandikwa tarehe ya kutengenezwa, tafuta chupa zenye umri usiozidi miezi mitatu. Kama ipo ya mwisho wa matumizi tu, linganisha chupa za bia hiyohiyo na uchukue yenye tarehe ya mbali zaidi. Kulinganisha bia mpya na bia iliyokaa nusu mwaka ni kumwonea mtengenezaji mmoja na kumpendelea mwingine.

Wafanyabiashara wa bia wana kanuni ya makadirio isemayo siku 3, siku 30, siku 300. Siku 3 kwenye joto la nyuzi 32 huizeesha bia karibu sawa na siku 30 kwenye nyuzi 22, au siku 300 kwenye friji la nyuzi 3. Mtu wa Dar, Mombasa au Tanga aizingatie sana. Kreti iliyokaa wiki moja kwenye buti la gari au kwenye veranda inayopigwa na jua la mchana si bia ileile iliyotoka kiwandani, hata kama tarehe yake ni nzuri. Ukishanunua, zisimamishe wima mahali penye giza. Usizilaze, kwa sababu chupa iliyolala hupanua eneo la bia linalogusana na hewa iliyobaki shingoni.

Kiasi: panga mililita 80 kwa mtu kwa kila glasi. Chupa ya mililita 500 inatosha watu watano, kwani povu na kinachobaki chini hula sehemu yake. Chupa ya 330 ihesabie watu watatu. Ile bia ya rudio inunuliwe mara mbili. Kwa glasi sita kila mtu atakuwa amekunywa mililita 480, yaani karibu chupa moja nzima ya kawaida. Hicho ni kilevi cha kutosha kuzuia mtu kuendesha. Waliokuja na gari au pikipiki wapangiwe usafiri kabla ya kuanza.

Joto la kuonjea

Onja laga kwenye nyuzi 7. Matangazo mengi huisifia bia ya baridi kali, lakini karibu na nyuzi 2 pua haipati kitu: harufu haipandi, utamu unajificha, na bia zote tano zinakuwa maji ya gesi yenye uchungu kidogo. Ndiyo maana bia isiyo na mengi ya kusema hunufaika na baridi kali, na bia yenye kimea kizuri hudhulumika nayo.

Chupa ziwekwe kwenye friji tangu jana yake. Friji la kawaida linazifikisha kwenye nyuzi 4 hivi. Zikitolewa na kukaa mezani dakika 10 hadi 15 katika chumba chenye joto la pwani, zinafika 7. Usikisie: fungua chupa moja ya ziada na uingize kipimajoto cha jikoni. Kama umeme umekatika, tumia ndoo. Nusu barafu, nusu maji, na konzi mbili za chumvi. Chupa zikizama hadi shingoni hupoa kwa dakika 15 hadi 20. Barafu tupu bila maji hupoza polepole, kwa sababu inaigusa chupa sehemu chache tu. Friza ni mahali pa hatari: bia ya asilimia 5 huanza kuganda ikipita nyuzi 2 chini ya sifuri. Ikiganda chupa inaweza kupasuka, na hata isipopasuka, ikiyeyuka inabaki na ukungu, na povu lake halikai.

Glasi

Glasi zote ziwe za aina moja na ziwe za kioo. Vikombe vya plastiki vya sherehe vina harufu yake, na harufu hiyo ndiyo utakayoionja mara sita. Osha kwa sabuni kidogo isiyo na manukato makali, suuza kwa maji mengi hadi kidole kikiteleza kwenye ukuta wa glasi kitoe mlio, kisha zipindue kwenye rafu zikauke zenyewe. Usifute kwa kitambaa cha jikoni. Kitambaa kina mafuta ya mapishi, na mafuta huua povu.

Kuhakikisha, lowesha glasi na uinyunyizie chumvi laini ndani. Kwenye glasi safi chumvi hushika kila mahali, lakini palipo na mafuta hukataa kushika na huacha mabaka. Kisha suuza tena. Njia nyingine utaiona wakati wa kunywa: viputo vilivyong'ang'ania ukutani badala ya kupanda juu ni dalili ya glasi chafu, hata kama inang'aa.

Kumimina kwa siri

Mmiminaji akae jikoni, waonjaji wakae sebuleni, na chupa zisionekane hata kwa umbo. Kila glasi ipewe namba ya tarakimu tatu iliyochaguliwa ovyo, kama 417, 862 au 290. Ukitumia A na B, au 1 na 2, watu huipendelea A na 1 bila kujijua. Namba ziandikwe kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi ya kunata chini ya glasi, na orodha ya namba na majina ya bia ibaki mfukoni mwa mmiminaji.

Kila mwonjaji apate mpangilio wake. Njia rahisi ni kuzungusha: wa kwanza anaanza na glasi ya kwanza kwenye orodha, wa pili anaanza na ya pili na kumalizia na ya kwanza, na kuendelea hivyo. Glasi ya kwanza mdomoni huonekana na uchungu na ukali kuliko zinazofuata, kwa hiyo mkianza wote na bia moja, bia hiyo imeshahukumiwa.

Mimina kwa kuinamisha glasi mwanzoni, kisha inyooshe katikati ili povu la sentimita 2 lijitokeze. Povu ndilo linalobeba harufu, na anayemimina kwa woga hadi povu lisiwepo anaacha gesi yote ndani, ikajae tumboni mwa mnywaji. Mililita 80 hupata joto haraka sana katika hewa ya nyuzi 30, kwa hiyo toa glasi kwa mafungu mawili ya tatu tatu. Kama rangi zinatofautiana kiasi cha kutambulika, tumia vikombe vya kauri vya rangi nzito, au waonjaji wafumbe macho.

Mdomo na pua

Saa moja kabla, hakuna dawa ya meno, sigara, kahawa wala pilipili. Marashi na mafuta ya nywele yenye harufu yaachwe siku hiyo. Jiko la nyama choma liwashwe baada ya kazi, si kabla, kwani moshi ukishaingia sebuleni zoezi limekwisha. Muda mzuri ni saa tano asubuhi au saa kumi jioni, mtu akiwa na njaa kidogo. Baada ya mlo mzito pua huwa imechoka.

Kati ya glasi na glasi kunywa maji yasiyo baridi na utafune kipande cha mkate mweupe. Ugali uliopoa usio na chumvi unafanya kazi hiyohiyo, na una faida ya kutokuwa na sukari. Karanga na bisi zisiwepo mezani: chumvi hupunguza uchungu unaousikia kwenye bia.

Kuonja kwenyewe

Anza na pua, mara tu glasi inapofika. Nusa mara tatu kwa pumzi fupi, kisha ondoa glasi. Pua huzoea harufu ndani ya muda mfupi, na mtu anayezamisha pua dakika nzima hasikii tena chochote. Ili kuipumzisha, nusa ngozi ya mkono wako mwenyewe.

Kunywa mililita 15 hadi 20, funda la kawaida. Litembeze ulimi wote, kisha limeze. Waonjaji wa mvinyo hutema, lakini bia imezwe, kwani harufu nyingi hupanda kupitia koo baada ya kumeza, na uchungu wa hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu wake, huja kwa kuchelewa. Ukishameza, funga mdomo na utoe pumzi kwa puani. Hapo ndipo utapata kimea: mkate, bisi, majani makavu, wakati mwingine asali. Hesabu hadi 20 kabla ya kuandika alama ya uchungu. Bia mbili zinaweza kuanza sawa, moja ikaisha papo hapo na nyingine ikabaki kooni, na mara nyingi tofauti hiyo ndiyo inayomfanya mtu aagize ya pili au aache.

Andika alama za 0 hadi 10 kwa mambo matano: harufu, utamu, uchungu, mwili na gesi. Mwili ni uzito wa bia mdomoni, ile hisia ya kujaa au ya kuwa maji. Jambo la sita, kama umeipenda, liandikwe mwisho kabisa baada ya matano kujazwa. Ukianza na mapenzi, alama nyingine zote zitayafuata. Na waonjaji wasizungumze. Mtu mmoja akisema "hii chungu", meza nzima itaandika uchungu.

Kabla ya siku yenyewe inafaa kuufundisha ulimi, kwa sababu watu wengi huchanganya uchungu, uchachu, ukakasi na kilevi. Mimina laga moja kwenye glasi nne, mililita 100 kila glasi. Ya kwanza iache kama ilivyo. Ya pili tia matone matano ya ndimu, huo ni uchachu. Ya tatu tia kijiko kimoja cha chai ya rangi iliyokolea mno, nao ni ukakasi, ule mkauko unaoshika mashavuni na kwenye fizi. Ya nne tia nusu kijiko cha chai cha konyagi au pombe nyingine kali isiyo na rangi: joto linaloshuka kifuani ndilo kilevi. Baada ya hapo hutasema tena kwamba Safari ni chungu kwa sababu tu inachoma kidogo kooni.

Kusoma matokeo

Anza na glasi za rudio. Tofauti kati ya alama ulizoipa bia ileile mara mbili ndiyo kipimo cha uhakika wako. Kama uliipa 7 na 6 kwa mapenzi, basi tofauti ya alama mbili au zaidi kati ya bia nyingine ina uzito. Kama uliipa 8 na 3, usiamini chochote kwenye karatasi yako ya siku hiyo. Mara nyingi sababu ni joto: fungu la pili la glasi lilitoka likiwa na nyuzi 12 wakati la kwanza lilikuwa 7.

Kisha tazama alama za mapenzi zimeambatana na nini. Mtu akiona bia alizozipa 7 na kuendelea zote zina mwili wa 6 na uchungu wa 3, ameshajua zaidi kuliko jina la bia. Anapenda kimea, hapendi hopsi. Huyo ajaribu Ndovu, Tusker Malt na laga za Kijerumani za kimea tupu. Windhoek nayo hupikwa kwa kufuata ile sheria ya Bavaria ya mwaka 1516 iliyoruhusu maji, shayiri na hopsi tu. Anayependa wepesi na mwisho mfupi ana Castle Lite, Serengeti Lite na Bell, na hana haja ya kuona haya mbele ya wanaojisifia bia nzito. Anayetafuta joto la kilevi na utamu wake ataikuta Safari, Balimi, Nile Special na Mützig.

Ambaye alama zake za mapenzi zimefuata uchungu pekee yuko kwenye shida kidogo Afrika Mashariki, maana laga zetu nyingi zina uchungu wa chini. Atafute pilsna ya Kicheki. Pilsner Urquell, inayopikwa Plzeň tangu 1842, ina uchungu unaozidi sana laga zetu za kawaida, na huonekana kwenye maduka makubwa ya mijini. Na aliyezoea mbege ya Kilimanjaro, yenye uchachu wa ndizi na ulezi na uchungu wa gome la msesewe, mara nyingi huziona laga zote kuwa butu. Akiwa Ulaya ajaribu bia chachu za Ubelgiji za aina ya lambiki, au bia za ngano za Bavaria ambazo hamira yake hutoa harufu ya ndizi mbivu bila ndizi kutiwa.

Ya moto au baridi

Mhudumu anapouliza swali hilo anauliza jambo zito kuliko jina la bia. Lijaribu nyumbani kwa aina moja tu: chupa tatu za tarehe moja, moja ya nyuzi 4, moja ya 12, moja ya joto la chumbani. Zimiminwe kwa siri vilevile, ingawa mkono ukigusa glasi utajua. Tumia vikombe vyenye vishikio.

Bia ikipata joto, gesi hutoka kwa kasi kwenda kwenye povu na kinachobaki kinakuwa laini. Utamu unapanda, kilevi kinasikika, harufu inafunguka, na kila kasoro iliyokuwa imefichwa na baridi inajitokeza. Kwa hiyo wanaopenda ya moto wafuate bia zenye kimea na uzito wa kutosha. Guinness na Safari zinastahimili. Laga nyepesi zikiwa za moto huvunjika, hubaki maji matamu yenye harufu ya nafaka iliyolowa. Ya moto mimina taratibu kabisa, glasi ikiwa imeinama hadi robo tatu, la sivyo nusu ya chupa itaishia kwenye meza.

Bia nyeusi ziko njia ya kati. Nyuzi 8 hadi 12 ndipo Guinness inatoa kahawa na shayiri iliyochomwa, na Castle Milk Stout inatoa utamu wa sukari ya maziwa, ambayo hamira ya bia haiwezi kuila na hivyo inabaki.

Kasoro za bia na chanzo chake

Kabla ya kuihukumu bia, hakikisha hukuonja kasoro ya chupa. Ya kwanza ni ya mwanga. Harufu yake ni kali kama ya kicheche, na hutokea pale mwanga unapozivunja asidi za hopsi na kuzaa kemikali yenye salfa ambayo pua huitambua hata ikiwa chembe. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani huzuia kidogo, nyeupe haizuii. Weka chupa mbili za kijani za aina moja, moja kwenye jua saa moja, nyingine kabatini, kisha zipoze na uzinuse pamoja. Dakika chache za jua huweza kutosha, na kuipoza tena hakurudishi kitu. Kopo halina tatizo hili kabisa, na kwa bia za chupa ya kijani kopo ndilo la kununua.

Harufu ya karatasi iliyolowa au boksi ni uzee. Oksijeni kidogo iliyobaki shingoni imefanya kazi yake kwa msaada wa joto. Badilisha duka.

Siagi ni hamira iliyoondolewa kabla haijamaliza kazi, ikiwa ni bia ya chupa. Ikiwa ni bia ya kegi (ya pipa, inayotoka kwa bomba), karibu kila mara ni mabomba machafu yenye bakteria, na uchachu huandamana nayo. Harufu ya mahindi ya kuchemsha hutoka kwenye kimea ambacho uji wake haukuchemshwa vya kutosha, au ulipoozwa polepole mno. Kidogo kwenye laga kinakubalika, hata kinapendeza. Tufaha bichi ni bia iliyotolewa changa. Siki ni hewa na bakteria, na bia hiyo irudishwe.

Ladha ya chuma ina mtego. Inaweza kutoka kwenye kutu ya mdomo wa chupa iliyochakaa, au kwenye maji, au mdomoni mwako mwenyewe. Paka tone la bia nyuma ya kiganja, sugua, unuse. Harufu ya chuma ikipanda, imo kwenye bia. Isipopanda, futa mdomo wa chupa na umimine kwenye glasi nyingine.

Kummaliza mbishi

Anayesema anaitambua bia yake popote apewe jaribio la glasi tatu: mbili za bia moja, moja ya nyingine, na kazi yake ni kuitoa iliyo tofauti tu, bila kutaja jina. Rudia mara sita kwa mipangilio yote sita: AAB, ABA, BAA, BBA, BAB, ABB, ikichanganywa kwa kura. Mililita 30 kwa glasi zinatosha, jumla ni 540, chupa moja na kidogo. Apumzike dakika tatu kila baada ya seti.

Kwa kubahatisha mtu hupata moja kati ya tatu, kwa hiyo mbili kati ya sita si kitu. Nne bado si ushahidi, kwani mtu asiyesikia tofauti yoyote huzipata nne au zaidi mara moja katika kila majaribio kumi. Tano kati ya sita zinastahili heshima: bahati hufikisha hapo chini ya mara 2 katika 100. Akitaka marudio tisa, sita ndiyo chini kabisa ya kukubaliwa. Tahadhari moja: joto la glasi zote tatu lilingane na povu lilingane, maana watu hodari hutambua glasi kwa kiwango cha povu na kudhani wametambua ladha.

Kuagiza baa ukishaijua

Chupa ifunguliwe mezani mbele yako, na usikilize mlio wa gesi inapofunguka. Angalia kizibo kwa ndani kama kina kutu. Omba glasi kavu, isiyotoka kwenye friza, kwa sababu glasi ya friza ina barafu ukutani ambayo huongeza maji na kuua povu, na mara nyingi hubeba harufu ya nyama na samaki vilivyohifadhiwa humo. Kama baa ina friji la mlango wa kioo lenye taa kali, omba chupa ya safu ya nyuma, hasa ikiwa ya kijani.

Kwa bia ya kegi uliza mabomba yalisafishwa lini. Desturi ya kazi ni kila wiki mbili. Mhudumu asiyejua jibu, au glasi ya kwanza ya siku ikiwa na siagi, agiza ya chupa.